Kilomita 7.2 za ukingo wa Longonot: kisa cha chama kilichogawanyika njiani

Longonot ni mlima wa kila mtu. Uko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, hauhitaji kamba wala hema, na kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kasoko, shimo la volkano lililo juu yake, ni kilomita 3.1 tu. Wanafunzi huupanda wakiwa na sare za shule, na wachumba huenda kupigana picha. Ndiyo maana watu huupangia safari kama wanavyopanga nyama choma: siku ikifika, twende.

Kisa ninachokichambua ni cha chama kimoja cha akiba cha Nairobi, wanachama 14, waliokwenda huko Jumamosi moja ya kiangazi kufunga mwaka wao. Hakuna aliyekufa wala aliyevunjika mfupa. Mweka hazina wao, mama wa makamo mwenye afya yake, alikwama upande wa mbali wa ukingo, akarudi langoni gizani huku ameshikwa mikono. Visa vya aina hii ni vingi mno, na kwa kuwa huishia kwenye kicheko na supu ya mbuzi huko Mai Mahiu, hakuna anayeketi kuuliza mambo yaliharibikia wapi.

Mimi sikuwepo. Mwenyekiti wao aliniomba niwasikilize kabla ya mkutano wa mwezi, kwa kuwa huwa napeleka watu milimani na wao walikuwa wameshaanza kurushiana lawama. Niliyoyapata nimeyalinganisha na picha za simu zao. Picha zina faida moja: zinahifadhi saa hata pale kumbukumbu inapotaka kujitetea. Majina siyataji. Nitawaita kwa vyeo vyao vya chamani, na hata wenyewe huitana hivyo.

Kwanza mlima wenyewe, maana bila kuuelewa kisa hiki hakieleweki. Longonot ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860 au karibu na hapo. Kilichobaki juu ni kasoko, shimo la mviringo lenye upana unaokaribia kilomita 2, na msitu umeota chini kabisa. Njia ya kuzunguka ukingo wake ina urefu wa kilomita 7.2. Si tambarare hata kidogo: inashuka, inapanda, inabana, na upande wa magharibi inakwea hadi Kilele, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi hapo unakuwa umepanda zaidi ya mita 600. Njia rasmi haiteremki ndani ya kasoko wala haikati katikati. Ukishaianza duara, unaimaliza au unarudi kwa nyayo zako.

Mandhari ndiyo yanayowavuta watu, na wana haki. Kaskazini-magharibi kuna Ziwa Naivasha, na kando yake mabanda ya plastiki ya mashamba ya maua yanang'aa jua likipiga. Magharibi kuna mvuke wa Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981. Kusini kuna Mlima Suswa uliojilaza chini kama sinia, na mashariki ukuta wa Bonde la Ufa. Kwenye kuta za kasoko penyewe kuna mahali mvuke unapochomoza kati ya mawe. Kwa njia fupi kiasi hiki sijui mlima mwingine karibu na Nairobi unaokupa mengi hivyo.

Ila ardhi yake ni jivu. Jivu la volkano na mawe mepesi yenye matundu havishikani. Mvua ikinyesha huchimba mifereji, na nyayo za watu huzidisha kina. Kuna mahali unatembea ndani ya mfereji unaokufika kiunoni, na pengine hata begani, huku vumbi laini likifika kifundoni na kila hatua ikirudi nyuma nusu. Kivuli ni haba. Vichaka vya leleshwa vipo, lakini saa saba mchana kivuli cha leleshwa kinamtosha mbuzi, si mtu. Maji hakuna popote, kuanzia langoni hadi urudi langoni.

Sasa siku yenyewe. Mpango ulikuwa kuondoka Nairobi saa 12 asubuhi. Matatu waliyokodi iling'oka saa 1.40, kwa sababu walizozijua tangu wiki iliyotangulia: wawili hawajawahi kuwahi popote. Wakapita barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, wakasimama kwenye kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakapiga picha, wakanunua mahindi ya kuchoma. Langoni wakafika saa 4.20. Malipo hufanywa kwa simu, na pesa zilizochangwa zilikuwa pungufu, basi mchango ukaanza upya pale pale, mweka hazina akiwa kwenye jua na daftari lake. Wakaanza kupanda saa 5.05.

Nyuma kwenye matatu waliacha dumu la lita 20 limejaa maji. Lilikuwa zito, akasema mwenyekiti, na kila mtu alikuwa na chupa yake. Nimeziona chupa hizo pichani. Zote ni za nusu lita.

Walioanza mbio walifika ukingoni saa 5.55. Mweka hazina alifika saa 6.40. Tofauti ya dakika 45 kwa kilomita 3.1 si ajabu; mteremko wa mwisho kabla ya ukingo ni mkali na jua lilikuwa utosini. Ila dakika hizo zilitosha kukigawanya chama. Wale sita wa mbele, mwenyekiti akiwemo, walichoka kungoja na saa 6.15 wakaondoka kuelekea Kilele, wakiwa na bango la chama lililochapishwa kwa ajili ya picha ya pamoja. Wengine wanne walifika, wakatazama shimo, wakasema inatosha, wakaanza kurudi. Wakabaki wanne: mweka hazina, katibu, kijana wa mwenyekiti, na dada mmoja mshonaji.

Wengi wa wanachama wanamlaumu mama kwa kuendelea. Mimi sikubaliani nao. Bango lilikuwa mbele. Picha ya pamoja ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba, na yeye ndiye aliyekusanya pesa za kulichapisha. Mtu mzima hawezi kukosekana kwenye picha ya chama chake kwa sababu tu vijana wamemtangulia. Katibu akatoa hoja iliyosikika kuwa ya akili: wenzetu wamekwenda upande wa Kilele, basi sisi tuzunguke upande wa pili, tutakutana nao njiani na tupige picha hapo hapo. Upande huo mwanzo wake ni mpole. Saa 7.05 wakaondoka.

Hapo walikuwa na nini? Mweka hazina alikuwa na chini ya nusu ya chupa yake. Alikuwa amekula hindi moja la kuchoma tangu asubuhi. Viatu vyake vilikuwa raba nyepesi za kutembelea mtaani, zilizokwisha kujaa jivu. Na hakuna aliyepiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith aliitunga mwaka 1892 na hadi leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari nzima ya Longonot, kupanda, kuzunguka na kushuka, ni kilomita 13.4. Hiyo ni saa 2 na dakika 40. Ongeza saa moja na ushei ya kupanda, unakaribia saa 4, nayo ni kwa mtu mwenye pumzi, asiyepumzika, asiyepiga picha, kwenye njia iliyoshikana isiyo na vumbi. Kundi la kawaida huchukua saa 5 hadi 6. Kwa kuanza saa 5.05, mweka hazina na wenzake wasingefika langoni kabla ya saa 11 jioni hata mambo yangeenda sawa. Lango hufungwa saa 12. Kuhusu maji, nusu lita kwa saa ndicho kiwango cha chini ninachowapa watu wangu kwenye jua. Wao walibeba kiasi hicho kwa siku nzima.

Saa 8.00 makundi mawili yakakutana. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, kwa sababu kila niliyeongea naye alipita juu ya tukio hili kana kwamba lilikuwa furaha tupu. Picha ipo: watu kumi, bango limenyooshwa, Ziwa Naivasha nyuma yao. Mweka hazina amekaa chini peke yake, wengine wote wamesimama. Kundi lake lilikuwa limetembea takriban kilomita 2 za ukingo, kundi la mwenyekiti 5.2. Yaani mama huyu alikuwa na watu sita waliotoka punde tu huko anakoelekea, waliokuwa wakirudi alikotoka, na picha iliyomtoa imeshapigwa. Sababu ya kuendelea ilikuwa imekwisha. Ilitakiwa mtu mmoja tu aseme, "Mama, turudi wote."

Alichosema mwenyekiti, kwa mujibu wa watu watatu, ni "Mmebakiza kidogo, malizieni tu." Walikuwa wamebakiza kilomita 5.2, na Kilele ndani yake. Hakusema kwamba kule mbele kuna mahali alipopanda kwa kushika mawe kwa mikono. Na hakuna aliyeulizana habari ya maji. Mwenyekiti ni mtu mwangalifu na alikuwa na chupa nyingine, ya lita moja, ndani ya begi lake, haijafunguliwa. Chupa hiyo ilirudi langoni ikiwa imejaa.

Simlaumu kwa roho mbaya. Ukiwa umetoka upande mgumu na miguu imezoea, kila kitu nyuma yako kinaonekana kifupi. Ni mtego wa njia za mduara, na wa ukingo huu hasa, kwa kuwa macho nayo yanadanganya. Ukiwa upande wa mbali unaona kabisa, ng'ambo ya shimo, pale ulipofikia ukingo asubuhi. Unaona fulana nyekundu za watu wengine wakipumzika. Kwa ndege ni chini ya kilomita 2. Kwa miguu ni mara mbili ya hapo, kwenda na kupanda.

Saa 8.55 misuli ya paja ya mweka hazina ilikaza. Alikuwa amepita nusu ya duara kidogo, kilomita 3.9 hivi. Dada mshonaji alimwambia, "Mama, hebu kaa kidogo." Akajibu, "Sikai, nikikaa sitainuka." Akasonga hatua chache kama mtu anayetembea juu ya miiba, mguu wa pili ukakaza, akakaa bila kutaka.

Kijana wa mwenyekiti akaja na wazo lililonitia baridi nilipolisikia. Kutoka ukingoni, upande wa nje, aliona chini kabisa barabara na mabati ya nyumba. Kwa nini wasiteremke moja kwa moja? Nimewahi kusikia wazo hili midomoni mwa watu wengi, hata wenye elimu zao. Kinachoonekana kutoka juu kuwa mteremko laini wa kijani ni makumi ya makorongo yaliyochongwa na mvua, yamefunikwa na leleshwa, kuta zake za jivu zinamomonyoka ukizishika. Unashuka korongo moja, huwezi kupanda lingine, na aliye juu hakuoni tena. Nyati wapo katika hifadhi hii, na mchana wa jua kali hupenda kujilaza kwenye vichaka vya namna hiyo hiyo. Mtu aliyekwama ukingoni ataonekana na kila anayepita. Aliyekwama korongoni atatafutwa.

Bahati nzuri mama mwenyewe alikataa. Alisema kama ni kufa atafia kwenye njia aliyoilipia. Nilipenda jibu hilo, na si kwa ucheshi wake peke yake.

Wakabishana kama waende mbele au warudi. Mbele zilibaki kilomita 3.3, nyuma 3.9. Katibu alikuwa na simu yenye ramani, na ramani ilisema mbele ni karibu zaidi. Kwa mtu mwenye miguu mizima hiyo ni kweli. Ila ramani hiyo haikumpa uzito wa Kilele, na misuli iliyokaza haiulizi umbali, inauliza mwinuko. Ningekuwa pale ningemrudisha alikotoka, mita 600 zaidi, kwenye njia aliyokwisha kuiona kwa macho yake na isiyomlazimisha kunyanyua goti hadi kifuani.

Hata hivyo swali hilo halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuwa la mwili, na hapa dada mshonaji alifanya kazi ambayo chama kizima bado hakijamshukuru ipasavyo. Alisimamisha mjadala. Akatandika leso yake juu ya kichaka kupata kivuli, akamvua mama viatu na kumwaga jivu, akamnyoosha mguu polepole kwa kuusukuma unyayo kuelekea gotini. Akawa anamwuliza maswali ya kipuuzi: nani hajalipa mwezi huu, nani anadaiwa faini. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema alitaka kujua kama akili ya mama bado ipo. Hakufundishwa na mtu. Ndilo jambo la kutazama: mtu aliyechoshwa na joto akianza kuchanganyikiwa, au ngozi ikawa moto na kuongea kukawa kwa kuvuta, hapo si uchovu tena, ni dharura, na kila dakika ya kumpoza ina thamani. Mweka hazina aliwataja wadaiwa wote watatu pamoja na kiasi.

Katika saa hiyo moja waliyokaa, wanafunzi watatu wa chuo walipita wakitokea upande wa Kilele. Waliwapa lita moja na nusu ya maji na pakiti mbili za kripsi. Kripsi ndizo zilizokuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani: mtu aliyetoka jasho kutwa amepoteza chumvi, na maji matupu kwa wingi hayairudishi. Mama akala, akanywa kwa mafunda madogo. Katibu naye akapiga simu langoni, ikashika. Askari wawili wa hifadhi wakaanza kupanda.

Saa 9.50 walisimama, wakaenda mbele, juu ya Kilele. Kijana mbele, mama katikati, katibu nyuma akimsukuma mgongoni kwenye mawe, wanapumzika kila hatua ishirini. Picha ya Kilele ipo pia, ya saa 10.50, mama amefumba macho. Saa 11.50 wakafika pale njia ya langoni inapoanzia, wakawakuta askari na tochi. Saa 1.00 usiku walikuwa langoni, na dumu la lita 20 likafunguliwa.

Chamani lawama zilikuwa zimemwangukia kijana kwa wazo lake la njia ya mkato, na mama kwa "kujilazimisha". Nilipowasomea saa za picha, mazungumzo yalihama. Nilisema, na nasema tena, kwamba kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu siku ile nisingegusa muda wa kuondoka Nairobi wala viatu. Ningebadilisha zile dakika kumi za saa 8.00, watu kumi mahali pamoja, mwenye maji na mwenye kiu wakiwa pamoja chini ya bango moja. Kundi lililogawanyika lilipata nafasi ya kuungana, likaitumia kupiga picha.

Wamekubaliana mambo mawili kwenye kumbukumbu za mkutano. Mwenye bango atatembea nyuma ya wote. Na kila atakayevuka ukingoni kuanza duara awe na lita mbili mkononi na awe ameondoka langoni kabla ya saa 3 asubuhi, la sivyo anatazama kasoko, anakula chapati yake, anarudi. Pendekezo la kukodi mwelekezi liliahirishwa kwa sababu ya fedha, na ajabu ni kwamba aliyelipinga kwa nguvu zaidi ni mweka hazina.

Katibu bado anashikilia kwamba kupitia Kilele kulikuwa sahihi, kwa kuwa walifika. Nimemwambia tutarudi sote wawili siku nyingine ya kiangazi, tuanzie pale leso ilipotandikwa, yeye aende mbele na mimi nirudi nyuma, tukiwa na mkoba wa kilo kumi kila mmoja, tuone nani atafika njiapanda akiwa bado anaweza kuongea. Amekubali, ila anataka tuanze asubuhi.